Daraja Lililokataa Kurudi

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Mkuu wa shule anataka niweke kumbukumbu za kutengeneza kifaa cha kufundishia, ili shule nyingine zikikitaka zipate pa kuanzia. Hizo nitamwandikia kwenye karatasi safi. Humu naandika yangu.

Mwaka jana ni wanafunzi tisa tu waliochagua mkondo wa ufundi. Leo mkuu aliniita ofisini, akafunga dirisha maana mvua ilikuwa inaingia, akaniambia, "Mwalimu, wewe ulikaa kiwandani miaka kumi na miwili. Wape hawa watoto kitu cha kushika. Kwa mdomo peke yake hawatafika kwenye uhandisi."

Nimeshapata wazo. Magurudumu matatu ya meno yaliyopangwa mstari mmoja, moja likisukuma jingine. Juu yao nachora daraja, kila gurudumu na kipande chake. Ukizungusha mpini daraja linavunjika, na ukiendelea linarudi. Mtoto akishaona daraja limerudi lenyewe, atataka kujua limerudije, na hapo nitakuwa nimeshampata.

Paa la karakana linavuja juu ya jiliwa la kubania vyuma. Nimeweka ndoo.

Wiki ya kwanza, Alhamisi

Nimejaribu kwa magurudumu ya karatasi ngumu: meno kumi na mawili, ishirini na manne, thelathini na sita. Mizunguko sita tu daraja linarudi. Darasa zima lilisimama, wakapanga foleni bila kuambiwa. Mmoja alizungusha kinyumenyume kwa nguvu akang'oa meno mawili, lakini sikumkasirikia. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MHANDISI HASEMI ASICHOPIMA. Niliwaambia hiyo ndiyo sheria pekee ya karakana hii, nyingine zote ni za usafi.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa binti tunayemwita Konokono. Hilo jina nilimpa mimi mwaka jana, maana kipande kimoja cha chuma anakipiga tupa vipindi viwili, wenzake wameshamaliza wanapiga soga. Darasa lilicheka sana siku ile, na jina likamganda. Leo alizungusha mizunguko sita, akaomba mingine sita, sikio likiwa karibu na meno. Kengele ikalia, ikabidi nimfukuze.

Wiki ya pili, Jumanne

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Wiki ya tatu, Jumatano

Leo nimekata magurudumu yenyewe, kwa plaiwudi nene. Nimebadili hesabu. Yale ya karatasi yalikuwa ya kuchezea watoto wachanga. Kiwandani, ukitaka gia zidumu, hutumii namba zinazogawanyika kirahisi, kwa sababu jino lile lile litakuwa linakutana na lile lile kila mara na kulila pale pale. Unatafuta namba zisizo na undugu, ili kila jino lipate zamu na kila jino. Kwa hiyo nimeweka kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu. Gia za kiume hizo. Kama yupo mtu aliyewahi kufungua mtambo wa kweli akakiona kifaa hiki, atajua kimetengenezwa na nani.

Nimeongeza pia kizuizi cha bati kinachoangukia kwenye meno, ili mpini uende mbele tu. Hakuna tena wa kuzungusha kinyumenyume. Juu nimefunika kwa plastiki inayoonyesha, nikaikaza kwa skrubu nane.

Nilikileta nyumbani dada akione. Dada yangu ni fundi cherehani, tunaishi naye tangu alipofiwa na shemeji. Alitazama kifaa, akanitazama mimi.

"Mdogo wangu, hivi ungekuwa unawatazama wanawake namna hiyo, si ungekuwa umeshaoa?"

Wiki ya nne, Ijumaa

Rangi imekauka. Daraja jekundu, mto wa buluu. Nimezungusha mara kumi, kinaenda laini kama kimepakwa siagi. Nikafungua skrubu, nikalipanga daraja upya, nikafunga. Kiko tayari.

Wiki ya tano, Jumatatu

Nimekipeleka darasani. Kila dawati lilizungusha zamu yake. Daraja halikurudi hata mara moja. Niliwaambia mikono yao mizito.

Wiki ya tano, Jumatano

Halijarudi. Nadhani plaiwudi imevimba kwa unyevu. Kijana wa dawati la mbele amesema, "Hiki hakina mwisho, mwalimu," wakacheka, na safari hii hawakuwa wanacheka na mimi. Dawati la nyuma walikuwa wanasoma gazeti la michezo chini ya meza.

Nimegawa fomu za kuchagua mkondo. Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa ya wiki ya tisa. Kila fomu inatakiwa iwe na sahihi ya mzazi na ya mwalimu mmoja anayempendekeza mwanafunzi.

Wiki ya tano, Ijumaa

Fomu ya kwanza kurudi ni ya Konokono. Ufundi. Nimetia sahihi yangu pale chini nikamwambia, "Konokono, huko kwenye uhandisi utafika lini?" Wenzake wakaangua kicheko. Yeye aliipuliza sahihi ikauke, akakunja fomu vizuri, akanirudishia.

Wiki ya sita, Alhamisi

Bado nina hasira, kwa hiyo naandika kama ilivyotokea.

Leo mkaguzi alikuwa anakuja saa nane mchana, na mkuu alikuwa ameshamsifia kifaa kabla hajakiona. Asubuhi nilifungua kifuniko, nikalipanga daraja likakaa sawasawa, nikafunga skrubu zote nane, nikakiweka juu ya meza kubwa ya karakana. Nikawaambia wanafunzi asikiguse mtu. Sikumbuki vizuri kama niliwaambia wote au waliokuwa karibu.

Saa ya chakula ilipokaribia kuisha nikarudi. Mvua ilikuwa inapiga bati, sikusikia kitu mpaka nilipofungua mlango. Konokono amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto kwenye mpini, wa kulia una penseli. Anazungusha, anachora mstari kwenye karatasi, anazungusha, anachora mstari. Daraja langu limekatika vipande vitatu. Chakula chake hakijaguswa.

"Unafanya nini?"

Hakuinua kichwa. "Bado, mwalimu."

Bado! Mimi namuuliza swali, ananijibu kama mtu anayesumbuliwa ofisini kwake. Nikamwambia aache mara moja. Akazungusha tena mara moja, akachora mstari, akasema tena kwa sauti ile ile, "Bado, mwalimu."

Nilikinyakua. Mpini ulimkwaruza kidole, nikauona mstari mwekundu, nikajitia sikuuona. Nilimnyang'anya na karatasi. Kengele ikalia, wenzake wakaingia, na mbele yao wote nikamwambia ameyarusha meno ya gia, ameharibu kazi ya wiki tano, na mtu asiyejua kuheshimu chombo hana nafasi katika mkondo wangu. Nikaitoa fomu yake kwenye faili nikaipiga mstari. Nikamwambia achukue nyingine na achague kwingine. Alisimama amekishika kidole chake. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Walipotoka nilifungua kifuniko. Nilipitisha ukucha kwenye meno yote, moja baada ya jingine, meno hamsini na tisa. Hakuna hata moja lililovunjika. Hakuna lililolegea.

Nikalipanga daraja upya, nikafunga.

Mkaguzi alikuja na viatu vyenye matope, mtu mpole, mzee kidogo. Alizungusha mara thelathini hivi huku anatabasamu, kisha tabasamu likaanza kuchoka. Akaniuliza, "Linarudi baada ya mizunguko mingapi?"

Mkuu alikuwa amesimama pembeni, ananitegemea. Mimi nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa, na maandishi yapo hadi leo nyuma ya mgongo wangu. Nikasema, "Kuna mwanafunzi amekiharibu leo mchana."

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika.

Karatasi ya Konokono nimeibandika humu kwa gundi, ukurasa wa mwisho. Imejaa mistari ya kuhesabia, mitanomitano, kama ya mtu anayehesabu siku za kifungo. Nimemwita mama yake kesho; akija nitamwonyesha mwanawe anavyopoteza muda.

Wiki ya sita, Ijumaa

Mama yake amekuja, kanga imelowa hadi magotini. Hakuketi, ingawa nilimpa kiti.

"Mwalimu, kama mtoto ameharibu, wewe ndiye mzazi wake hapa. Mwadhibu. Mimi sitasema kitu."

Nikasema haya yameshaisha.

"Ila anaomba karatasi yake. Jana hakula kwa ajili ya hiyo karatasi. Nimemwuliza ina nini, anasema ana kitu hajamaliza kupima."

Nikamwambia sijui ilipo. Daftari hili lilikuwa ndani ya mfuko wangu, kwenye goti langu. Nimedanganya tena, na safari hii ni mtu mzima aliyelowa mvua, aliyeniita mzazi.

Wiki ya saba, Jumatatu

Kwenye mstari wa asubuhi mkuu alizungumzia mali ya shule. Akasema, "Aliyeharibu kifaa cha mwalimu asimame mbele tumwone." Konokono akatoka, taratibu kama kawaida yake, akasimama kwenye manyunyu. Mtu nyuma akaita "Konokono!" na shule nzima ikacheka. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Kamba ya kulia ilikuwa imelegea. Nimeifunga mara mbili.

Wiki ya saba, Jumatano

Mvua. Sikukigusa kifaa.

Wiki ya saba, Jumapili

Dada alikuwa sebuleni baada ya chakula cha mchana, ametandaza vitambaa viwili sakafuni, mikono kiunoni.

"Mteja wangu huyu atanitoa roho. Anataka maua ya juu yakutane na mistari ya chini, mshono mzima. Haya maua yanarudi kila vidole tisa. Mistari inarudi kila vidole saba. Yakishakutana hapa mwanzo, mpaka yakutane tena ni vidole sitini na tatu. Sasa niambie wewe msomi, ni kiuno gani hicho?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikakatika katikati, dada akaniuliza kama nimepaliwa.

Tisa mara saba. Namba zisizo na undugu.

Nilichukua chaki yake ya kushonea nikaandika sakafuni. Gurudumu la pili linarudi kila mizunguko kumi na tisa ya mpini. La tatu kila ishirini na tatu. Ili yote mawili yarudi pamoja ni kumi na tisa mara ishirini na tatu. Mia nne thelathini na saba. Kifaa changu ni kizima. Tangu siku ya kwanza kilikuwa kizima. Kinarudisha daraja kila baada ya mizunguko mia nne thelathini na saba, na mimi niliyekitengeneza sikuwahi kuzungusha zaidi ya kumi, kwa sababu nilikuwa na bisibisi ya kufungua kifuniko na kulipanga daraja kwa mkono. Nilichagua namba za kujisifia, nikaweka kizuizi asirudi mtu nyuma, kisha nikawaambia watoto wana mikono mizito.

Nilifungua ukurasa wa mwisho. Nikahesabu mistari yake. Mafungu sabini na manane ya tano tano, na mstari mmoja juu yake. Mia tatu tisini na moja.

Mstari ule mmoja ndio aliouchora mimi nikiwa nimesimama pale, nimemwambia aache. Alikuwa amebakiza arobaini na sita. Pengine dakika sita. Ningemwuliza tu "bado nini?" ningekuwa nimeona daraja langu likirudi mbele ya macho yangu.

Sijui nitaliweka wapi jambo hili. Naliandika hapa na bado liko kifuani.

Wiki ya nane, Jumatatu

Nilikuwa nimwone mkuu leo. Alikuwa na kikao.

Wiki ya nane, Jumanne

Alikuwa peke yake ofisini, mlango wazi. Nilipita mara mbili.

Wiki ya nane, Jumatano

Mvua kubwa. Nilijiambia siwezi kuvuka uwanja. Nimeuvuka mara tatu kwenda chooni.

Wiki ya nane, Alhamisi

Nimekutana na Konokono kwenye ujia. Amefunga kidole kitambaa cheupe. Akasema, "Shikamoo, mwalimu," akapisha ukutani nipite. Nimeitikia nikapita mbio kama mdaiwa.

Wiki ya nane, Jumamosi

Dada ameona sili. Nimemweleza yote, hata lile la mama aliyelowa. Nilitarajia aniambie binadamu hukosea. Aliweka mkasi chini.

"Haya unayoona wewe si kwa sababu ulikosea hesabu," alisema. "Hesabu kila mtu anakosea, mimi mwenyewe nimeshakata suruali ya mtu miguu miwili ya kushoto. Unaona haya kwa sababu wiki nzima sasa unajua, na mtoto wa watu bado anaitwa mharibifu. Kila siku unayokaa kimya unamnyang'anya tena. Usijifanye unaumwa. Nenda ukaseme."

Amenitolea uvivu haswa. Alirudi kwenye cherehani.

Wiki ya tisa, Jumatatu

Nimemwambia mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Mwalimu, ripoti ya mkaguzi imeshakwenda. Ukisema leo, ni wewe na mimi tumemdanganya. Na yule binti nasikia amejaza biashara, mama yake ameshakubali. Ametulia. Tuyaache yapite."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia nafuu. Nilifika mpaka mlangoni na hiyo nafuu yangu. Pale mlangoni ndipo nilipojichukia kuliko siku zote za muhula huu. Nikarudi nikamwambia mkaguzi nitamwandikia mwenyewe, kwa jina langu, na darasa nitalikabili kesho kutwa. Mkuu akavaa miwani. "Basi na mimi nitakuwepo," alisema. "Ni mimi niliyemsimamisha kwenye mvua."

Wiki ya tisa, Jumanne

Baada ya vipindi nilijifungia karakana. Nililipanga daraja, nikaanza kuzungusha ili nifike pale pale nilipomkatiza yule binti. Nilifika mia moja na kitu, nikapotea hesabu kwa sababu ya tone kwenye ndoo. Nikaanza upya. Nikapotea tena, mia mbili na sitini. Mara ya tatu nilichukua karatasi na penseli, nikachora mistari mitanomitano. Mkono uliniuma hadi begani. Yeye hakupotea hata mara moja, tena akiwa na njaa.

Wiki ya tisa, Jumatano

Nilisimama mbele ya darasa. Mkuu alikaa nyuma kwenye kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakanitoka yote kichwani, na ni vizuri yalitoka.

Nilisema kifaa hakikuharibiwa na mtu. Nilisema namba nilizichagua mimi kwa majivuno, na sikuzipima. Nilisema nilijua meno ni mazima siku ile ile, saa moja kabla ya kumdanganya mkaguzi, na nikanyamaza. Nilisema lile jina nililompa mwenzao nalifuta, na atakayelitumia tena ndani ya karakana hii atakuwa ananitukana mimi. Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imekatika, kila neno lilisikika hadi la mwisho.

Kisha nikaenda kwenye dawati lake. Niliweka kifaa mbele yake, na karatasi yake, niliyoibandua humu asubuhi.

"Kiko kwenye mia tatu tisini na moja," nikasema.

Alihesabu kwanza mistari yake. Hakuniamini, alipima. Halafu akatazama gurudumu la tatu, akaona limekaa sawa.

"Nilikuwa nimebakiza arobaini na sita, mwalimu."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua wiki ile ile uliyokileta. Niliona la pili linarudi kila kumi na tisa, la tatu kila ishirini na tatu. Nikazidisha. Lakini sikuwa nimeona kwa macho." Akanyoosha kidole ubaoni, chenye kovu jembamba. "Na wewe uliandika pale."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, siku ile.

"Nilisema bado," alijibu. "Mara mbili."

Akaanza kuzungusha. Mzunguko, mstari. Mzunguko, mstari. Hakuharakisha hata kidogo, na hakuna aliyemharakisha. Walisimama wote wakamzunguka, hata dawati la nyuma. Walipofika ishirini wakaanza kuhesabu naye kwa kunong'ona. Arobaini na tatu, arobaini na nne. Kwenye arobaini na tano barabara ya daraja ilikuwa bado imepinda kabisa, mtu akasema, "Aa, wapi." Akazungusha wa mwisho. Daraja likarudi, jekundu, limenyooka, mto ukapita chini yake.

Walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Kijana wa dawati la mbele akauliza, "Kwa hiyo tukiweka meno ishirini kwenye lile la kati inakuwaje?" na watano wakamjibu kwa mpigo, kila mmoja na lake. Ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu wiki ya kwanza. Sikuwa na uso wa kukifurahia.

Yeye alichora mstari wa mwisho, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Nilimpa fomu mpya, nikamwambia sahihi yangu ipo wakati wowote akiitaka. Akasema, "Ahsante, mwalimu." Fomu akaiweka mfuko mwingine.

Barua kwa mkaguzi nimeituma leo.

Wiki ya tisa, Alhamisi

Sijamwona. Fomu ishirini na mbili za ufundi mpaka sasa. Ya kwake haimo.

Wiki ya tisa, Ijumaa

Siku ya mwisho. Nilikaa karakana tangu asubuhi, kalamu mezani, nikimsubiri. Kila mlango ulipolia niliinua kichwa. Saa tisa karani akaniletea bahasha ya fomu za mwisho ili niandike orodha.

Ya kwake ilikuwemo. Kwenye mkondo, ametia alama: ufundi. Mwandiko wake ule wa taratibu, kila herufi imekamilika kabla ya nyingine kuanza. Mama yake ametia dole gumba.

Kwenye nafasi ya mwalimu anayempendekeza, kuna sahihi ya mwalimu wa hesabu.

Nimeitazama muda mrefu ile sahihi. Ana haki. Kwa miaka miwili ijayo nitamfundisha katika chumba hiki, na ameingia bila kupitia kwangu.

Jina lake halisi nimeliandika la kwanza kwenye orodha. Kisha nimegeuza kifaa, nikaandika chini yake kwa rangi ile ile nyekundu ya daraja: mizunguko 437, imepimwa na mwanafunzi. Ukurasa wa mwisho wa daftari hili umebaki na madoa manne ya gundi.